UZI: Vijana wachumi mnaoprezenti pepa mtandaoni, matokeo yatoke dakika ya pili, historia ya nchi tunaijua

Mzee wa Residuo (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa vijana wa uchumi, wale wa masters na PhD, malekcha wasaidizi, watafiti wa taasisi, ambao abstrakti (muhtasari wa pepa) imepita na sasa kuna tarehe na linki ya Zoom kwenye email. Msimu huu nimekaa kwenye sesheni kadhaa, nyingine kama mwenyekiti nyingine msikilizaji tu wa kimya kimya, na kuna kitu kinanikera mpaka nimeona niandike.

Kijana ana dakika 15. Slaidi ya kwanza jina la pepa mistari mitatu. Ya pili mpangilio wa mada, yaani anatuambia kutakuwa na utangulizi, kisha mbinu, kisha matokeo, kisha hitimisho, kana kwamba kuna pepa isiyokuwa hivyo. Ya tatu usuli wa tatizo. Ya nne usuli unaendelea. Dakika ya tisa bado yuko kwenye mapitio ya machapisho, fulani alisema hivi mwaka huu, fulani akampinga mwaka ule. Dakika ya 12 mwenyekiti anamwandikia kwenye chati zimebaki tatu, hapo ndo jasho linamtoka, anaruka slaidi sita, linatokea jedwali la kolamu nane fonti ya kusomea darubini, nyota kila kona (zile alama za kuonyesha namba sio ya kubahatisha), anasema "kama mnavyoona" na hakuna anayeona chochote sababu nusu ya watu wameingia kwa simu wakiwa kwenye foleni ya Mwenge. Muda umeisha. Asanteni kwa kunisikiliza.

Na pepa yenyewe unakuta ni nzuri! Ndo kinachouma. Mtu kakusanya data miaka miwili, ana matokeo ambayo hata wizara ingeyataka, lakini ni kama fundi umempelekea kitambaa cha suti anaanza kukusimulia cherehani ilivyonunuliwa.

Kwenye ukumbi wa kawaida mtu akikuchosha unavumilia, utatokaje na uko safu ya mbele. Mtandaoni ukimchosha anazima kamera anafungua email zake, wewe unaendelea kuongea na majina meusi kwenye viboksi. Kwahiyo dakika ya kwanza swali lako, dakika ya pili jibu lako, kwa sentensi ya kawaida ambayo hata mtu wa sosholojia aliyepotea njia akaingia sesheni yako ataielewa. Halafu dakika zote zilizobaki ni kutushawishi kwanini tukuamini.

Nitoe mfano mmoja niuchambue vizuri. Tuseme pepa yako ni ya tozo za miamala Tanzania. Usianze na ukuaji wa huduma za fedha kwa simu Afrika kusini mwa Sahara. Sema hivi: "Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kutoza kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala wa simu kulingana na kiasi, na Septemba hiyo hiyo ikapunguza kwa asilimia 30. Nauliza, watu waliacha kutuma hela au walibadilisha tu njia ya kutuma? Jibu langu ni walibadilisha njia, na hii hapa picha moja inayoonyesha." Basi. Grafu moja, mstari mmoja wa wima kwenye Julai, mwingine kwenye Septemba. Sijatumia hata dakika mbili na kila mtu ameshajua tunabishania nini.

Alafu sasa ndo unaingia kwenye nyama, kwamba ulijuaje ni tozo na sio kitu kingine. Hapa ndo disikasanti (yule aliyepewa pepa yako aisome na kuikosoa) atakushika na ni haki yake. Tozo ilianza siku moja nchi nzima, Bukoba mpaka Mtwara. Nani hakuguswa? Ukisema utalinganisha na miamala ya benki sababu mwanzoni benki hazikuwemo mpaka mwaka uliofuata, swali linalofuata liko wazi, kama watu walikimbia simu wakahamia benki basi hilo kundi lako la kulinganisha nalo limeguswa, ila kwa upande wa pili. Ukisema utalinganisha na Kenya, 2021 Kenya ilikuwa na mambo yake ya korona na uchaguzi unakaribia. Ukisema utatumia data za robo mwaka, jiulize, robo ya Julai mpaka Septemba ina wiki mbili za bila tozo, ina tozo kamili, na ina tozo iliyopunguzwa, vyote kwenye namba moja. Hayo ndo mambo ya kutumia dakika nane. Sio tafsiri ya fedha mtandao kwa mujibu wa nani sijui.

Na kuna fasheni moja naomba tuiache. Kila pepa ya DiD siku hizi (ile mbinu ya kulinganisha walioguswa na sera na wasioguswa, kabla na baada) lazima iwe na Callaway na Sant'Anna, lazima Goodman-Bacon, lazima de Chaisemartin na D'Haultfœuille, wachumi walioandika juu ya mbinu hiyo. Ni kazi nzuri sana hizo, zimetufungua macho kwamba ile rigreshen yetu ya zamani inaweza kukudanganya pale sera inapoanza kwa nyakati tofauti maeneo tofauti. Sasa wewe sera yako imeanza siku moja kila mahali, hizo nyakati tofauti ziko wapi? Umemleta Sant'Anna aje kufanya nini? Disikasanti mwenye macho akiona hivyo anajua dogo kanakili code ya Stata (programu ya takwimu) bila kuelewa, na kuanzia hapo hata kile ulichopatia hakiamini.

Karibuni wadau, mwenye nyongeza aweke.

---

Mtu wa Panel

Mkuu umeongea kitu. Nakazia hapo kwenye jedwali. Jedwali la kwenye pepa sio jedwali la kwenye slaidi, wengi tunakopi kutoka Word tunabandika. Kwa skrini weka namba unayoitaka tu, mbili au tatu, na kipimo chake kwa lugha ya watu. Usiniambie koefishenti (namba ya ukubwa wa athari) ni 0.043 na nyota tatu, niambie kaya ya kawaida inapungukiwa shilingi ngapi kwa mwezi. Waliosalia wakitaka robastnes (vipimo vya ziada vya kuhakiki matokeo) weka slaidi za akiba nyuma kabisa, mtu akiuliza unaruka moja kwa moja mpaka slaidi ya 31, hapo unaonekana mtu wa maana.

Angalieni walivyofanya Tavneet Suri na William Jack kwenye ile kazi ya M-Pesa ya 2016. Ndani kuna ekonometria nzito, mawakala wameongezeka wapi na kwa kasi gani, lakini ujumbe unabebeka kwa mdomo: M-Pesa ilizitoa kaya kama 194,000 za Kenya kwenye umaskini, asilimia 2 ya kaya zote. Mpaka leo waandishi wa habari wanaitaja. Ingekuwa imebaki koefishenti na nyota nani angekumbuka.

---

Kijana wa Kisauni

Wasee uzi huu ni moto lakini hamjagusa shida yenyewe, ambayo ni stima na net 😂 Unaweza panga slaidi vizuri namna gani halafu stima ikapotea, mwakumbuka Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege Nairobi. Na ile Mei 2024 nyaya za baharini EASSy na Seacom zilikatika, tarehe 12, siku kadhaa net ilikuwa ya kubembeleza, pwani yote hii mpaka huko kwenu Dar. Msee akiwa na sesheni wiki hiyo alifanyaje?

Mimi venye nafanya: slaidi PDF namtumia mwenyekiti siku moja kabla na namwambia wazi, nikipotea wewe fungua hiyo PDF, mimi nitaingia kwa simu niongee sauti tu. Hawakatai. Pia najirekodi mapema video ya dakika 15 naweka Drive, linki iko tayari. Laptopu imejaa chaji, simu mbili laini tofauti, hotspoti nimeijaribu jana yake sio dakika hiyo. Kamera nawasha nikijitambulisha na wakati wa maswali, katikati nazima bando isiende bure. Na animesheni zile za maneno kuruka ruka toeni, kwa net ya kukwama wasikilizaji wanaona slaidi ya nne wewe uko ya saba.

---

Mzee wa Residuo

@Kijana wa Kisauni shukrani, hapa Tanzania nasi tulikuwa na mgao mrefu mwishoni mwa 2023 mpaka Bwawa la Nyerere lilipoanza kuwasha mtambo wa kwanza mapema 2024, kuna vijana waliprezenti kutoka kwenye gari wamechomeka laptopu. Na ongezea suala la saa, limeangusha wengi. Programu ikiandika 3:00 pm GMT hiyo kwetu ni saa kumi na mbili jioni, sio saa tisa. Na Machi ndo mwezi wa hatari maana Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi, Uingereza wanasubiri Jumapili ya mwisho. Katikati hapo New York iko nyuma yetu saa 7 na London bado saa 3. Konferensi ya CSAE, kituo cha utafiti wa uchumi wa Afrika cha Oxford, huwa Machi, kwahiyo mwenzako wa pepa aliyeko Boston anaweza kuingia saa moja kabla au baada na wote wawili mnaona mko sahihi.

---

Dada Heteroskedi

Niseme la kwetu wanawake maana naona uzi umejaa madume. Kuna utafiti wa 2021 wa Pascaline Dupas, Alicia Modestino, Muriel Niederle na Justin Wolfers, walipeleka watu wakahesabu maswali kwenye semina za uchumi za vyuo vya Marekani. Wakakuta mwanamke akiprezenti anaulizwa maswali mengi zaidi kuliko mwanaume, na yanaelekea zaidi kuwa ya kukushusha au ya ukali. Sasa mleta mada anatuambia matokeo dakika ya pili, sawa nakubali, ila mwanamke dakika ya pili ndo anakatizwa. "Samahani, kabla hujaendelea." Ukijibu, mwingine. Dakika ya kumi bado uko slaidi ya tatu na sio kwa sababu ya usuli.

Mtandaoni kwa hili ni afadhali, nawaambia ukweli. Mwenyekiti akitangaza maswali yote yaandikwe kwenye chati na yatasomwa mwisho, wale wababe wa kukatiza wanakosa pa kushika. Mimi siku hizi naandika email kwa mwenyekiti mapema kabisa, naomba maswali ya ufafanuzi tu katikati, mengine mwisho. Hajawahi kukataa hata mmoja. Mabinti mnaoanza fanyeni hivyo, sio udhaifu, mnalinda dakika zenu.

---

Nyundo Baridi

Mimi nitapingana na wote. Hizi konferensi za mtandaoni ni za kujaza CV tu. Unaongea na watu 11, wanne ni waprezenta wanaosubiri zamu zao, mmoja ni fundi wa Zoom. Kazi ya maana inafanyika kwenye chai, unamkuta profesa amesimama na kikombe unamwambia pepa yako kwa dakika mbili, anakupa jina la mtu wa kumuona. Mtandaoni ukibonyeza "ondoka" umeondoka. Bora mtu asubiri aende mwenyewe.

---

Mzee wa Residuo

@Nyundo Baridi kuhusu chai uko sahihi kabisa na sitakubishia, hakuna chumba cha pembeni cha Zoom kilichowahi kufanya kazi ya korido, wale watu watano wanaangaliana kimya mpaka muda unaisha. Ila hilo la "asubiri aende mwenyewe" nalikataa. Aende kwa hela ya nani? Lekcha msaidizi wa Dodoma au Mzumbe atoe nauli ya Ulaya, hoteli, bima, paspoti ikakae ubalozini wiki kadhaa, na mwisho wa siku viza inakataliwa kwa sababu hakuthibitisha kwamba atarudi nyumbani. Mwaka 2021 CSAE ilipofanyika mtandaoni watu walikaa sebuleni kwao Morogoro wanasikiliza sesheni ambazo wangezisikia kwenye hadithi. Kwa mtu wa Harvard kuhamia Zoom kulikuwa kupungukiwa, kwa wetu ilikuwa mara ya kwanza mlango kufunguliwa.

Kinachokosekana ni kwamba hiyo chai inabidi uitafute mwenyewe na wengi hawaitafuti. Sesheni ikiisha kabla linki haijafungwa kopi chati yote, iko pale lakini mwenyekiti akifunga inapotea. Mle ndani kuna maswali uliyokosa muda wa kujibu, na majina ya walioyauliza. Siku hiyo hiyo, usisubiri wiki, unamwandikia kila mmoja email fupi, swali lako lilikuwa hili, jibu langu ni hili, nimeongeza grafu hii hapa. Mistari mitano. Disikasanti unamwomba maelezo yake kwa maandishi, maana kaisoma pepa nzima na huenda ni yeye na supavaiza wako tu duniani waliofanya hivyo. Nimeona pepa ya pamoja imezaliwa kwenye email ya namna hiyo, na waandishi hawajawahi kukutana ana kwa ana.

AERC, ule muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, pale Nairobi mfumo wao miaka yote, tangu 1988, umejengwa hivyo hivyo: unaleta andiko la mapendekezo linachanwa, unarudi na kazi ikiwa katikati linachanwa tena, unarudi na ripoti ya mwisho. Warsha mara mbili kwa mwaka na wabobezi wale wale wanakukumbuka. Wachumi wengi mnaowaona wako benki kuu na wizarani kanda hii walichanwa mle.

---

Bukavu Moya

Jambo ndugu zangu, miye niko Bukavu. Huku uchumi tulisoma yote na Kifaransa, sasa konferensi ni Kingereza. Slaidi naandika muzuri lakini maswali ikikuja, ule mutu anasema mbio mbio, sauti inakatika katika, nashindwa kujua ameuliza nini. Nilisikia aibu kumwambia arudie. Munafanya namna gani?

---

Dada Heteroskedi

@Bukavu Moya kaka usione aibu hata kidogo, mtandaoni sauti inakatika kwa kila mtu, una kisingizio cha bure. Mwambie sauti imekwama, naomba uandike kwenye chati. Akiandika unasoma kwa utulivu, unapata na sekunde za kufikiria. Alafu washa maandishi ya chini ya Zoom, yanakosea kosea majina yetu lakini swali utaliambua. Na jiandikie kwa Kingereza majibu ya maswali matano unayojua lazima yaje, kundi la kulinganisha, data iliyokosekana, ukubwa wa sampo, kwanini nchi hii, na sera ifanye nini. Manne kati ya hayo yatakuja.

---

Mbeba Boksi wa Kansas

Nachungulia kutoka huku. Niwaongezee moja kwa wenye ndoto za soko la ajira la wachumi Marekani. Zamani usaili ulikuwa unafanyika Januari kwenye ASSA, mkutano mkuu wa mwaka wa wachumi wa Marekani, watahiniwa wanapishana kwenye lifti za mahoteli. Korona ilivyoingia, mkutano wa 2021 na wa 2022 yote ikawa mtandaoni, 2023 wakarudi New Orleans, ila usaili wa awali umebaki Zoom mpaka sasa. Maana yake dakika ya pili anayoisema mleta mada sio adabu ya konferensi tu, ndo usaili wenyewe. Kamati inakuuliza "tueleze pepa yako", na wanaangalia kama unaweza kusema umegundua nini kabla hawajaanza kusoma email.

Kingine, kamera iwe usawa wa macho, wekea laptopu vitabu chini. Taa iwe mbele yako sio nyuma. Kuna jamaa alikaa dirisha likiwa nyuma, dakika zote alionekana kivuli tu kama shahidi anayefichwa sura.

---

Abstrakti Imepita

Wakuu mimi nimepata mwaliko wa konferensi ya kimataifa ya uchumi, mtandaoni, wanataka dola 150 halafu natoa dakika 10 na cheti. Email imeniita "Profesa mashuhuri" na mimi ndo kwanza namaliza masters. Ni halali?

---

Mtu wa Panel

@Abstrakti Imepita 😂😂 profesa mashuhuri hongera. Ada peke yake sio ushahidi, konferensi nyingine za heshima nazo zinatoza. Angalia programu ya mwaka jana, kuna majina unayoyajua kwenye fani yako? Kamati ya kuchagua pepa ni kina nani, wana kurasa vyuoni kwao? Sesheni yako ya uchumi imechanganywa na uhandisi wa madaraja na uuguzi? Abstrakti imekubaliwa ndani ya masaa mawili? Ukiona hivyo hiyo 150 nunua bando na UPS.

---

Abstrakti Imepita

Imekubaliwa usiku huo huo aisee. Na kweli kuna uuguzi. Basi naacha. Sasa ile nyingine ya kweli iko mwezi ujao, pepa yangu ni ya bei za mahindi na kufungwa kwa mpaka. Mzee wa Residuo naweza kukutumia slaidi PM?

---

Mzee wa Residuo

Tuma, ila kabla hujatuma futa ya pili mpaka ya sita. Na uniandikie juu ya email mstari mmoja, mpaka ulipofungwa bei ilifanya nini upande huu na upande ule. Huo mstari ukikushinda kuandika, tutaanzia hapo.